Vazi la kujitanda la wanawake wa Uskoti

Edinburgh, Uskoti

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, na natumaini nanyi nyote hapo Tanga hamjambo.

Uliniuliza kwenye simu wanawake wa huku walijitanda nini zamani, nami nikaona swali lako linastahili barua. Katika nyanda za juu na visiwa vya magharibi walivaa arisaid, shuka la sufu lililoteremka kutoka shingoni hadi visiginoni, likiwa limekunjwa marinda pande zote, limefungwa mkanda chini ya matiti na kubanwa kifuani kwa bizimu. Martin Martin, mwenyeji wa kisiwa cha Skye, alilieleza vizuri katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1703. Anasema lilikuwa jeupe, lenye milia michache myembamba ya rangi nyeusi, buluu na nyekundu. Bizimu la mwenye uwezo lilikuwa la fedha, pana kama sahani, limenakshiwa wanyama, na katikati yake palikaa bizimu jingine dogo lenye jiwe la bilauri lililozungukwa na vijiwe vya thamani. Ncha ya mkanda nayo ilipambwa kwa vito au kwa marijani nyekundu, ambayo wewe huhitaji kuelezwa.

Kitambaa chenyewe kilitokana na jasho la wanawake. Walisokota nyuzi, na kilipokwisha kufumwa walikizunguka mezani wakakipigapiga kikiwa kimelowa, huku wakiimba kwa kupokezana, mpaka sufu ikashikana na kuzuia upepo.

Nimewasikia watu wakisema kwamba vazi hili liliuawa na sheria ya mwaka 1746, iliyopiga marufuku mavazi ya nyanda za juu baada ya vita vya Culloden, ambako waasi wa nyanda hizo walishindwa na jeshi la serikali. Mimi sikubaliani nao. Sheria ile, iliyofutwa mwaka 1782, iliwataja wanaume na watoto wa kiume tu. Tena Martin, zaidi ya miaka 40 kabla yake, alikwisha kuliita vazi la kale, lililobakia kwa baadhi ya watu wa hali ya chini. Kwa hiyo naona wenye fedha ndio waliotangulia kuliacha, kwa hiari yao, na wanyonge wakaendelea kulitunza. Heshima hiyo wanastahili kupewa, nami nasikitika kwamba huipati ikitajwa.

Nisalimie Mama na Shangazi, na umwombe Shangazi aniandikie jinsi mama yako alivyovaa marijani zake.

Mjukuu wako akupendaye