Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kwa Nini Tumelipia Michoro Kabla ya Saruji

Ndugu wanachama,

Niyamalize kwanza mambo mepesi. Taa za barabara ya ndani zinawaka, isipokuwa ile ya kona ya getini ambayo waya wake umekatika chini ya ardhi. Walinzi wamelipwa hadi Desemba. Wadaiwa wa ada wanajijua. Orodha anayo mweka hazina na sitaisoma hapa. Hesabu zilizokaguliwa mmetumiwa kwenye kundi la WhatsApp, na nakala ziko mezani kwa katibu. Muda uliobaki nitautumia kwa jengo la mtambo wetu wa majitaka, ambalo tunataka kuliimarisha lihimili tetemeko, maana huko ndiko pesa nyingi ya mwaka huu ilikokwenda, na manung'uniko mengi, kwamba tumelipishwa karatasi, yalitokea huko huko.

Kwa wanachama wapya: majitaka ya nyumba zetu zote hapa Njiro yanaingia chemba ya pampu, yanapulizwa hewa na blowa, tope linatuama, kisha maji yanatiwa klorini na kuelekea mto Themi. Pampu, blowa, paneli ya umeme na klorini vyote vinakaa ndani ya jengo moja dogo lililojengwa na aliyetuuzia viwanja. Jengo hilo likianguka, majitaka hayatatusubiri tujipange. Yatajaa chemba, yatarudi kwenye vyoo vya nyumba za bondeni, na yanayobaki yatashuka mtoni kama yalivyo. Themi inamwaga mto Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na njiani kuna wakulima wanaomwagilia mboga tunazonunua wenyewe sokoni. Kibali chetu cha kutiririsha maji tumepewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Nimekisoma mwanzo hadi mwisho, na hakuna kifungu kinachotusamehe siku ya tetemeko.

Mzee mmoja alisema kwenye kikao cha Machi kwamba Arusha si Japani. Ni kweli. Lakini Arusha iko kando ya Bonde la Ufa, na wengi mliopo hapa mlitoka nje mbio Julai 2007, siku zile ardhi ilipotikisika mfululizo kabla Oldonyo Lengai haijaanza kulipuka kwa nguvu. Kubwa kuliko yote, la tarehe 17 Julai, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, upande wa Mlima Gelai na Ziwa Natron. Nairobi kwenyewe watu walishuka maghorofani. Mei 1964 eneo la Mbulu lilipigwa na tetemeko lililozidi ukubwa wa 6. Na wenye ndugu Kagera hawahitaji kusimuliwa tarehe 10 Septemba 2016: ukubwa ulikuwa 5.9 tu, lakini watu zaidi ya 15 walifariki, nyumba kwa maelfu zikapasuka au kuanguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu. Nyumba nyingi zilizoanguka kule zilikuwa za tofali zisizofungwa kwa nondo. Na jengo letu ni la bloku.

Mhandisi mshauri, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, alipokuja kulikagua, alimwomba fundi abandue plasta kwenye kona ya mlango mkubwa, pale penye ufa unaopanda kimshazari. Tulitarajia kuona nondo zikitoka kwenye nguzo na kuingia ukutani. Hakukuwa na hata moja. Ukuta umeegemezwa tu kwenye nguzo, kati yao kuna mchanga na saruji kiasi cha unene wa kidole. Linta, yaani boriti ya zege, ipo juu ya milango, lakini mkanda wa zege wa kuzungusha jengo zima haupo. Kisha akaweka kiganja kwenye paneli ya umeme, akaisukuma taratibu, nayo ikayumba. Haikuwa na bolti chini. Juu yake, kwenye rafu ya mbao, yalipangwa madumu ya klorini. Mlinzi wetu, ambaye hulala hatua chache kutoka hapo, alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

Kuna jambo la pili ambalo macho ya kawaida hayalioni. Nusu ya jengo imefunikwa kwa slabu ya zege na juu yake kuna tangi la lita 5,000, yaani tani 5 za maji likijaa. Nusu nyingine ni bati. Upande wa mashariki ni ukuta mzima, upande wa magharibi ni milango miwili mipana ya kuingizia mashine. Jengo la namna hiyo halitikisiki kwenda na kurudi tu. Linajipinda, na kona za upande dhaifu ndizo zinazokatika kwanza.

Hapa ndipo nataka kumjibu kila aliyesema tumelipishwa karatasi. Mwanzoni mwa mwaka mkandarasi mmoja alituletea bei ya kuanza kazi moja kwa moja, bila michoro. Alipendekeza kujenga ukuta wa pili nje ya ule uliopo, "uwe mnene." Wajumbe wawili wa kamati walimuunga mkono, na nawaelewa, maana ukuta mnene unaonekana na mtu anaweza kuugonga kwa ngumi. Lakini nguvu ya tetemeko inalifuata jengo kwa kadiri ya uzito wake. Ukiongeza uzito bila kuufunga, umejiongezea mzigo wa kukuangukia. Ushauri wa mhandisi ulianza kinyume kabisa: shusheni tangi. Limeshashushwa, sasa limekaa chini juu ya msingi wake, na gharama yake ilikuwa siku moja ya mafundi na mabomba machache. Paneli nayo imefungwa bolti, madumu yamehamishiwa chumba cha pembeni. Hayo hayakuhitaji mchoro. Kufunga kuta, kuongeza nguzo na kuzungusha mkanda wa zege kunahitaji, kwa sababu lazima mtu ahesabu nguvu inaingia wapi na inashukia wapi hadi kwenye msingi, na msingi wenyewe umekaa kwenye udongo wa majivu ya volkano ambao hatukuwahi kuupima.

Kwa hiyo tulilipia haya: kupima udongo, kupima zege kwa nyundo maalumu na kwa kutoboa sampuli, kutafuta nondo zilipo kwa kifaa cha kuskani, kupiga hesabu, kuchora michoro kamili na kuandaa BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa pamoja na vipimo vyake. Hesabu zilifuata Eurocode 8, kanuni za Ulaya za kusanifu majengo yahimili tetemeko, ambayo kwa kawaida hutumia tetemeko lenye uwezekano wa asilimia 10 kutokea ndani ya miaka 50. Hapo kamati ilitakiwa kuamua jambo ambalo mhandisi hawezi kutuamulia. Je, tunataka jengo lisiangukie watu, basi? Au tunataka baada ya tetemeko pampu ziwashwe tena? Ni vitu viwili, na cha pili ni ghali zaidi. Mjini Kobe, Japani, tetemeko la Januari 1995 lilisogeza ardhi, mabomba yakakatika, na mtambo wa majitaka wa Higashinada ukasimama. Wahandisi waliziba mfereji wa jirani wakaugeuza bwawa la muda la kutuamisha majitaka, na ilichukua takribani siku 100 kurudisha usafishaji wa kawaida. Sisi mfereji wa kuziba hatuna, tuna Themi. Tukachagua cha pili, ila kwa pampu na umeme tu. Blowa zinaweza kungoja. Ndiyo maana kwenye michoro mtaona mabomba yote yanapopenya ukutani yamewekewa viungio vinavyonyumbulika. Binafsi naona hicho ndicho kipande chenye thamani kubwa kuliko vyote kwenye kazi hii, ingawa kwenye BOQ ni mistari michache.

Sasa pesa. Tulibisha hodi kwingine kwanza. Benki ilitaka hati ya kiwanja cha mtambo, na hati hiyo mpaka leo iko kwa jina la aliyetuuzia viwanja. Suala hilo liko kwa wakili. Wafadhili tuliowaandikia walituuliza swali moja: michoro na BOQ viko wapi? Wapo wanaoweza kusaidia kujenga, lakini hatukupata wa kulipia usanifu. Ndiyo sababu ya mchango maalumu wa shilingi 150,000 kwa kila nyumba, kwa awamu tatu. Mliouliza kwa nini ankara ilizidi bei ya zabuni, hiyo ni VAT ya asilimia 18. Kodi ya zuio ya asilimia 5 tuliikata kwa mshauri na kuiwasilisha TRA, stakabadhi zipo. Malipo kwa mshauri yalifuata kazi: awamu ya kwanza baada ya ripoti ya ukaguzi, ya pili baada ya usanifu wa awali. Ya tatu bado tumeishikilia hadi mshauri ajibu maswali ya kamati kuhusu msingi wa upande wa magharibi, na hatutaiachia kwa kuombwa kwa simu.

Mama mmoja aliuliza kwa nini tuanze na jengo la majitaka wakati nyumba zetu wenyewe hazijapimwa. Swali hilo ni zuri kuliko mengi niliyoyasikia mwaka huu. Jibu langu ni kwamba nyumba yako ni mamlaka yako, chama hakiwezi kukubandulia plasta. Lakini mshauri amekubali kutoa somo la nusu siku kwa wanachama, juu ya mkanda wa zege, kufunga matangi ya juu na mahali pa kukaa na pasipo pa kukaa nyumba inapotikisika. Njooni na mafundi wenu.

Kamati inaomba maamuzi matatu. Mkutano upokee michoro na BOQ vitakapokamilika na kuviweka wazi kwa kila mwanachama. Sehemu ya mchango itakayobaki baada ya awamu ya tatu isirudishwe kwenye mfuko wa kawaida, iwe kianzio cha ujenzi. Na kazi ya ujenzi itangazwe kwa zabuni, asipewe mtu yeyote mkononi, hata akiwa jirani yetu au ndugu wa mwenyekiti.

Naomba kutoa hoja.