Msikate jina la kanga

Mhariri,

Vijana wetu Unguja na Pemba siku hizi wanashonesha mashati ya kanga. Mimi nawaunga mkono. Tatizo ni mkasi. Kanga ina pindo pembezoni, mji (sehemu ya kati) na jina, yaani msemo ulioandikwa. Fundi akianza kukata popote, jina hupasuka katikati au husomeka kichwa chini. Doti iroweshwe kwanza kwenye maji baridi, ianikwe kivulini, maana wanga ukitoka kitambaa hupungua, na nyekundu huchuja. Kisha kipande cha mgongo kipimwe jina likae katikati, pindo libaki chini.

Na lisomeni jina kabla ya kununua, jamani! Mwanamme mzima kavaa kijembe cha wake wenza harusini, naye anadhani ni pambo.

Msomaji,
Mkunazini, Unguja