Kaa wa Mida Creek (hori ya mikoko karibu na Watamu, Kenya), Jumamosi hii

Habari zenu wapendwa. Jumamosi ni bamvua na maji yatakupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, kwa hiyo tukutane saa 2:30 kwenda kuwatazama kaa. Vaeni viatu vya kufunga kamba. Ndara hunaswa topeni.

Ukifika kwenye mashimo ya kaa, keti mita mbili au tatu kutoka hapo, kivuli chako kiwe nyuma, usitikisike kwa dakika 10. Mkikanyagakanyaga, wote hujificha na mtasubiri upya.

Wengi mtakaowaona ni Austruca annulipes, kaa wadogo wa topeni. Dume ana gando moja kubwa analolipunga, jike ana mawili madogo. Mkitaka kutambua aina, kwa jenasi hii (kundi la kaa wanaokaribiana) rangi hudanganya sana, maana hubadilika kwa umri na hata kwa saa za siku. Tazameni ncha ya gando kubwa na nafasi iliyopo kati ya macho. Jihadharini pia na gando lililoota upya: huwa jembamba, halina vinundu, na picha yake pekee inapotosha kabisa. Pigeni picha tatu: mbele, juu, na gando kwa karibu, bila mwanga wa flashi.

Ufukweni, kaa mwenye vijipembe juu ya macho ni Ocypode ceratophthalmus. Wachanga hawana, msiwahukumu haraka.

Kaa mkubwa wa mikokoni, Scylla serrata, asishikwe na yeyote. Gando lake huumiza vibaya. Wala msichimbue mashimo, tafadhali.