Mupime kwanza mbele ya kuuzisha batri

Mukubwa Muhariri,

Nimesoma barua ya ule musomaji wa Kamalondo mwenye Volkswagen Coccinelle yenye inakatala kuwaka, wamemuuzisha batri mupya, kiisha demareri (mota ndogo ya umeme yenye inazungusha ile kubwa mpaka iwake), na mpaka leo akigeuza ufunguo inafanya tu "klak" na kunyamaza. Imeniuma juu mimi ni elektrisiye wa motokari hapa Lubumbashi na mambo hii inarudi kila mwaka mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ni baridi, mafuta ya mota imekuwa nzito, batri imechoka, njo pale ubovu wenye ulikuwa umejificha unatokea na fundi anakimbilia kuuzisha piese.

Demareri inakula umeme mwingi, ampere 150 si ajabu. Zikipita kwenye kose (kichwa cha kable chenye kinashika batri) yenye kutu, hata ukinzani, ndiyo kule kuzuia umeme, ukiwa omu 0.02 tu, volti 3 zimekufa pale pale, na hakuna batri mupya itakurudishia hizo. Na umeme lazima uende na urudi! Kwa Coccinelle mota na bwati ya vitesi vimekaa juu ya kauchu yenye haipitishe umeme, kwa hiyo njia ya kurudi ni ile tresi ya mase (yenye inafunga bwati na chuma cha motokari) ya mbele ya bwati, kamba bapa ya shaba iliyosukwa, iko chini kabisa, inakula vumbi yetu nyekundu wakati wa kiangazi na matope toka mvua ya mwezi wa kumi na moja. Ikioza, umeme unatafuta njia ingine, unapitia kwa kable ya ambreyaje ao ya akselerateri, na kable inapata moto mpaka inaharibika. Ukiona kable hizo zimekuwa nzito na demareri inajivuta, lala chini uangalie tresi.

Kupima hakuombi mashini ya bei kali, testeri ndogo ya sokoni, ya kupima volti, inatosha. Batri ya volti 12 iliyolala usiku muzima isome karibu 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu, uipeleke kwanza kwenye sharji. Toa vitesi, vuta breki ya mukono, mutu mumoja ageuze ufunguo na wewe usome volti ya batri: ikishuka chini ya 9.6 batri haina nguvu ao demareri imekwama. Ikibaki juu, weka waya moja ya testeri kwenye negatifu ya batri na ingine kwenye chuma cha bwati, ageuze tena. Inatakiwa uone karibu sufuri, ikipita nusu volti mase ni mbovu, hakuna mabishano. Upande wa pozitifu mpaka kwa demareri unapima vile vile. Huna testeri? Chukua kable ya kusaidiana batri, unganisha negatifu na bwati, kama demareri inazunguka vizuri basi ubovu umeupata, sugua na msasa mpaka chuma kiangae, weka tresi mupya. (Coccinelle nyingi za mbele ya 1967 zilitoka na volti 6, hizo ugawanye hesabu mara mbili.)

Kuna ingine yenye inasumbua: asubuhi inawaka sawa, ukisimama kidogo sokoni haitaki, ikipoa inakubali. Pale shida ni ule waya wa namba 50, wenye unaambia demareri izunguke, unatoka kwa kontaki (pale pa ufunguo) ya mbele mpaka kwa demareri ya nyuma, murefu na mwembamba, na kontaki yenyewe imelika kwa miaka. Rele moja (swichi yenye inawashwa na umeme kidogo na kupitisha mwingi) karibu na demareri inamaliza. Peugeot 404 na 504 njia zao ni fupi, ila mase inazitesa vile vile.

Na wenye Coccinelle nawaomba sana, batri iko chini ya kiti cha nyuma, wakikuwekea yenye ni refu kupita ya kwanza na bila kifuniko, mutu akikaa zile resori za kiti zinagusa kose na kiti kinashika moto. Inatokea kweli, na watoto njo wanakaa pale.

Sasa mafundi wenzangu, siwatupii mawe wote. Kliyan wa kwetu anakubali kulipa piese yenye anaona kwa macho, lakini ukimuambia alipe franka juu umepima saa nzima anaona unamuiba, njo sababu mutu anauzisha demareri. Naomba tuzoee kulipa kazi ya kupima peke yake, fundi amuonyeshe kliyan hesabu kwenye testeri mbele ya kufungua buloni yoyote, na piese ya zamani ikitolewa irudi mukononi mwa mwenye motokari, juu demareri ya zamani ya Bosch inatengenezeka, unabadilisha sharboni (vipande vyenye vinapitisha umeme ndani) na bage yake ya bronzi (pete yenye muti wake unazungukia), na mara nyingi ile mupya ya bei ya chini haifikie ile iliyotupwa.

Elektrisiye wa motokari,
Katuba, Lubumbashi