Barua kwa Mwanangu Kuhusu Amplifaya ya Spika Zako

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Picha za spika zako zimenifikia, na mama yako ni shahidi kwamba chai ilipoa mezani nikizitazama. Umenunua kitu cha maana. Lakini swali lako, kama ile amplifaya ya wati 100 uliyoonyeshwa Kariakoo itazitosha, siwezi kulijibu kwa kuangalia wati peke yake, kwa kuwa namba hiyo ndiyo wauzaji huipenda kuliko zote na ndiyo inayosema machache.

Soma kwanza kibandiko kilicho nyuma ya spika. Kimeandikwa omu 4, yaani kiasi spika inavyouzuia umeme, na desibeli 86, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa volti 2.83, na hapo pana mtego ambao hata mafundi wengine huupita bila kuuona. Volti 2.83 zikiingia katika spika ya omu 8 huleta wati 1, lakini katika spika ya omu 4 huleta wati 2. Kwa hiyo, kwa wati 1 ya haki, spika zako hutoa desibeli 83 tu zikipimwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 unazoongeza hudai wati maradufu, hivyo mtu mwenye spika za omu 8 zinazotoa desibeli 92 kwa wati 1 husikia kwa wati 10 kile ambacho wewe utakisikia kwa wati 80. Spika zako si mbovu; zina kiu tu.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni mkondo wa umeme. Volti 20 zikikutana na omu 8 huvuta ampea 2.5, na zikikutana na omu 4 huvuta 5. Tena hiyo omu 4 ni makadirio ya jumla, kwani katika baadhi ya masafa ya sauti, hasa za chini, spika ya namna hiyo yaweza kushuka hadi omu 3. Amplifaya yenye transfoma dhaifu huchemka na kuishiwa pumzi hapo. Ndiyo maana nakuomba usome namba mbili kwa pamoja: ikiwa imeandikwa wati 60 kwa omu 8 na karibu 120 kwa omu 4, ina msuli; ikiwa ni 100 kwa omu 8 na 110 kwa omu 4, au kitabu chake kinakataza omu 4 kabisa, mwachie mwenye spika nyingine. Amplifaya ya NAD 3020, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, iliandikwa wati 20 tu, lakini sifa yake ilikuwa kumudu spika ngumu.

Usidhani amplifaya ndogo ni salama kwa spika. Ujana wangu niliwahi kukopesha spika zangu kwenye harusi ya jirani, zikafungwa kwenye amplifaya dhaifu, na mpigaji akazungusha kitasa hadi mwisho ili taarabu ifike barabarani. Amplifaya ikizidiwa hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na mikwaruzo inayozaliwa hapo huishia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Zote mbili ziliungua kabla bibi harusi hajatoka ndani, nami nikamlaumu fundi aliyenitengenezea maboksi, jambo ambalo hadi leo naona haya kulikumbuka.

Ukitamani mtumba wa Japani, geuza uone nyuma: kule umeme wa nyumbani ni volti 100, na hapa kwetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha, utanusa moshi kabla hujasikia wimbo. Stabilaiza nayo ni ya lazima, maana unaujua umeme wetu unavyorudi baada ya kukatika.

Sebule yako ya Upanga ina vigae sakafuni na kuta tupu, kwa hiyo tandika zulia na utundike pazia zito kabla hujamlaumu mtu kwa sauti kali.

Usilipe bado. Muombe muuzaji akuruhusu kuijaribu kwa spika zako mwenyewe. Jumamosi nitakuja na mita yangu na ile kanda ya Msondo ninayoijua kila pumzi yake.

Baba yako