Dozi ya siku ya 8 ikirukwa, dawa ya tatu tuipime vipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri kwa wanaopanga majaribio ya dawa mseto za saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa.

Msingi ni dawa mbili za kemo za dripu: jemsitabini miligramu 1,000 na nab-paklitakseli miligramu 125 kwa kila mita ya mraba ya mwili, siku ya 1, 8 na 15, kisha wiki ya mapumziko. Juu yake inaongezwa dawa ya tatu, vidonge vya kila siku, nayo inadhoofisha uboho, unaotengeneza chembe za damu.

Hapo ndipo penye tabu. Msingi peke yake, katika MPACT, jaribio la 2013 lililoupima mseto huo, uliwashusha neutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi) hadi daraja la 3 au la 4, yaani upungufu mkali, wagonjwa 38 katika kila 100. Damu ya siku ya 8 ikitoa neutrofili chini ya 1,000 kwa kila mikrolita, dozi inashuka hadi miligramu 800 na 100. Chini ya 500, mgonjwa hapewi dripu siku hiyo. Vidonge vikiongezeka, siku ya 8 na ya 15 zitarukwa zaidi. Kundi la dawa tatu litapata msingi pungufu kuliko kundi linganishi linalopewa zile mbili tu, na matokeo yakilingana hatutajua kama dawa mpya ni butu au imewanyang'anya wagonjwa dozi za zile mbili.

Filgrastimu, sindano ya kupandisha neutrofili, ingesaidia, ila haichomwi ndani ya saa 24 kabla wala baada ya dripu, na ratiba ya kila wiki inabana. Ile ya muda mrefu haifai kabisa: inataka siku 14 kabla ya dripu inayofuata. Kubaki na siku ya 1 na ya 15 kunapumzisha uboho, lakini lazima makundi yote mawili yafuate hivyo, na ile miezi 8.5, wastani wa kati wa kuishi kwa waliopewa mseto huo kwenye MPACT, haitakuwa kipimo tena. Njia ya tatu ni vidonge kwa vipindi, mathalani kuanzia siku ya 16 hadi ya 25, kama dawa yenyewe inavumilia kukatizwa.

Kuna na ganzi ya mikono na miguu inayoletwa na nab-paklitakseli. Dirisha la kupima sumu ya dozi inayojaribiwa huwa siku 28 za mwanzo, ilhali ganzi ya daraja la 3 kwenye MPACT ilijitokeza, kwa wastani wa kati, siku ya 140. Dozi inapita salama, kisha mikono inakufa ganzi mzunguko wa tano.

Mngechagua ratiba ipi? Na mnaweka kiwango gani cha dozi ya msingi iliyomfikia mgonjwa, ambacho chini yake dawa ya tatu ndiyo inayopunguzwa kwanza?

Msomaji wenu