Malalamiko Kuhusu Mashine ya Kupinda Matairi ya Chuma Mliyoniuzia

Karakana ya Magurudumu ya Mbao,
West Midlands, Uingereza.

Kwa Meneja wa Mauzo.

YAH: MASHINE YA KUPINDA MATAIRI YA MAGARI YA FARASI – NADAI FEDHA YANGU NA VIFAA VYAKE VYA ASILI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Biashara yetu tuliifanya kwa simu, kwa Kiswahili, kwa hiyo na malalamiko nayaandika kwa Kiswahili. Ujumbe wangu wa mwisho mliujibu kwa alama ya kidole gumba. Sikujua kama mmekubali kosa au mmefurahi tu kunisikia, ndiyo maana leo naandika barua.

Tangazo lenu ninalo, pamoja na picha zake zote. Mliandika kwamba hii ni "mashine ya karne ya 19, imekarabatiwa upya, inafanya kazi vizuri kabisa", kisha mkaongeza kwa herufi kubwa kwamba ndiyo iliyopinda matairi ya gari la dhahabu la wafalme wa Uingereza. Hilo la mwisho nililicheka nikalipita. Gari la dhahabu lilikamilika mwaka 1762, enzi za Mfalme George III, na mpaka leo linatunzwa London. Hiyo karne ya 19 mnayoitaja ilikuwa bado haijaanza. Nikasema hiyo ni chumvi ya dalali, haidhuru, nikanunua kwa yale maneno mengine: imekarabatiwa, inafanya kazi. Hayo ndiyo yaliyonigharimu.

Kijana wenu wa mauzo aliniuliza kama naweza kupindia na matairi ya trekta, kwa hiyo acha nieleze kwanza kazi ya mashine hii. Gurudumu la gari la farasi ni mbao tupu: kitovu katikati, spoki, na vipande vilivyochongwa kwa mviringo vinavyokamilisha duara. Kinachovishika vyote pamoja ni tairi, yaani ukanda wa chuma unaolizunguka gurudumu. Fundi hupima mzingo wa mbao kwa kigurudumu chenye mpini, hukata ubapa wa chuma, huupitisha kwenye rola tatu za mashine mpaka ncha zikaribiane, huziunga kwa moto na nyundo, kisha huichoma pete nzima mpaka itanuke. Ikishatanuka huivisha gurudumu na kuimwagia maji. Chuma kinasinyaa, viungo vya mbao vinalia, na gurudumu lililokuwa likichezacheza linakaza kiasi kwamba ukiligonga linaitika.

Wazo lenyewe ni la kale. Waselti wa kisiwa hiki waliyavisha magari yao ya vita pete nzima za chuma kabla Warumi hawajatia mguu hapa. Lakini kwa muda mrefu baadaye magurudumu mengi, hasa ya magari mazito, yalipigiliwa tu vipande vifupi vya chuma kwa misumari, kimoja kikifuata kingine. Pete nzima ilipozoeleka karakanani, kuupinda ubapa kwa nyundo peke yake ilikuwa kazi ya watu wawili wenye mabega. Karne ya 19 ikaleta rola tatu, gia na hendeli. Kuanzia mtaa wa Long Acre kule London, walikojazana watengenezaji wa magari ya wenye nacho, mpaka kwa mhunzi wa kijijini, mtu mmoja aliweza kuzungusha na kupata duara safi.

Neno langu kubwa liko kwenye hilo duara safi. Hesabu ya tairi ni ya milimita. Ubapa wenye unene wa milimita 12 huongezwa kama milimita 38 juu ya mzingo wa mbao, kwa sababu ukipindwa upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutwa, na kipimo cha kweli hubaki katikati ya unene. Kisha unapunguza kidogo, pete iwe ndogo kuliko gurudumu. Pete ya mzingo wa mita 3.5 ukiipandisha joto kwa nyuzi 400 za selsiasi hurefuka kama milimita 17. Ndiyo nafasi yako yote ya kuivisha, na wakati huo mbao imeshaanza kuungua. Pete yenye mgongo hapa na ubapa pale inazimaliza hizo milimita kabla hujalifikia gurudumu.

Sasa mashine yenu.

Rola ya juu, ile inayoshuka kwa parafujo na kuukandamiza ubapa, si ya asili. Ni bomba. Rangi ilipobanduka nikaona mshono wa kuchomelea kwenye ncha, nikagonga, kikatoka kipande cha zege. Ndugu Meneja, mtu aliyejaza zege kwenye bomba akaliita rola alijua anachofanya, maana aliziba ncha zote mbili kwa ustadi kuliko kazi nyingine yoyote aliyoifanya humo. Rola ya mashine hii inapaswa kuwa chuma kizima kilichokerezwa, kikae sambamba na zile mbili za chini. Hilo bomba limebonyea katikati, na ekseli yake haiko katikati. Ubapa unaingia umenyooka na kutoka ukitambaa kwenda pembeni, ukijiviringa kama spring ya kitanda. Nimejaribu kuurekebisha kwa parafujo, haurekebishiki, kwa sababu rola yenyewe inabadilika kila inapozunguka.

Tuje kwenye bolti, na hapa ndipo niliposikitika kweli, kwa sababu bomba ni ujanja wa biashara lakini hili ni uharibifu. Mashimo ya fremu yalikuwa na thredi, yaani meno ya ndani ya kushikia bolti, za kipimo cha Kiingereza cha Whitworth: nusu inchi, meno 12 kwa inchi, pembe ya nyuzi 55. Najua kwa sababu shimo moja mlilisahau, na geji yangu ilikaa humo bila kucheza. Mhandisi wa Uingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo hicho mwaka 1841. Kabla yake kila karakana ilikata thredi kwa kipimo chake, na nati ya jirani haikuingia kwenye bolti yako. Ingekuwa mashine ya Marekani iliyofuata kipimo alichopendekeza William Sellers mwaka 1864, nusu inchi ingekuwa na meno 13 na pembe ya nyuzi 60. Kwa hiyo shimo lile moja lilinieleza zaidi kuliko tangazo lenu lote. Mashine ni ya kipimo cha Uingereza na ni ya baada ya 1841. Mngetazama humo msingethubutu kuitaja pamoja na gari la 1762.

Mashimo mengine yote mmeyalazimishia bolti za M12, yaani za kipimo cha metriki, zenye upana wa milimita 12. Bolti hiyo ni nyembamba kuliko nusu inchi kwa milimita 0.7. Hatua yake, yaani umbali wa jino hadi jino, ni milimita 1.75, na ya Whitworth ni zaidi kidogo ya milimita 2.1. Haiwezi kushika. Iliingia mizunguko michache, ikala thredi, halafu mtu wenu akamimina gundi ya chuma kuficha. Bolti za Whitworth bado zinauzwa hapa Uingereza, wala si ghali, mtu anaziagiza akiwa amelala kitandani. Thredi zilizokuwa zimekaa salama kwenye chuma hicho tangu enzi za farasi zimeng'olewa kwa sababu fundi wenu alikuwa na M12 mfukoni.

Ufa ulioko kwenye mguu wa kushoto sikuuona kwenye picha, na sikuweza kuuona, kwa sababu mlijaza puti, mkasugua, mkapuliza rangi ya kijani. Chini ya puti kuna mshono wa kuchomelea. Fremu hii ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chenye kaboni nyingi. Ukikichomelea kikiwa baridi kwa kijiti cha kawaida cha chuma laini, pembeni mwa mshono panakuwa pagumu na pakavu, na kikipoa kinapasuka upya papo hapo. Ndivyo kilivyofanya. Wanaojua kazi hii hukipasha moto kipande kizima polepole na kukipoza polepole, au hutumia vijiti vya nikeli, au huunga kwa shaba ya njano. Mngeuacha ufa wazi na kuniambia upo, ningeununua pamoja na mashine na kuutibu mwenyewe. Chuma cha kusubu cha umri huo kuwa na ufa si aibu kwa mtu yeyote.

Vishimo vya mafuta juu ya bushi za rola navyo vimezibwa kwa puti na rangi, vyote. Sijui niseme nini hapo. Mtu aliona tundu lenye kimfuniko kidogo, juu kabisa ya sehemu inayozunguka, akaona linaharibu sura ya mashine.

Siku nilipopitisha ubapa wa kwanza wa kazi, bolti mbili za upande wa kushoto zilichomoka na ufa ukafunguka kiasi cha kuingiza ukucha. Ubapa uliruka na kutua sakafuni karibu na mguu wa kijana ninayemfundisha kazi. Hakuumia. Magurudumu niliyokuwa nayavisha ni ya gari la mteja, na tairi zake ilinibidi nikazipinde kwenye karakana ya mwenzangu, kwa malipo, huku mashine yenu imesimama kwangu inang'aa. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii imejitembeza mpaka kwa kopo la rangi.

Nilipopiga simu nikaambiwa, "Fundi, hiyo ni antiki, siyo ya kufanyia kazi. Iweke nje, otesha maua." Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Sasa, mashine haiwezi kuwa inafanya kazi vizuri kabisa wakati wa kuuzwa na kuwa pambo la bustani wakati wa malalamiko. Hata kama ningetaka pambo, pambo la historia lina thamani kwa vile vitu ambavyo ninyi mmevitupa. Rola ya bomba na bolti za M12 haziko kwenye historia ya mtu yeyote.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya nchi hii, ya mwaka 1979, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na iwe na ubora wa kuridhisha. Inatulinda na sisi tunaonunua kwa ajili ya biashara. Yenu imeshindwa kwa yote mawili. Picha za zege, za thredi zilizoliwa na za mshono chini ya puti nimeziambatanisha.

Nadai fedha yangu yote, pamoja na gharama ya usafiri wa kuileta na wa kuirudisha. Nadai pia mniambie rola ya asili ilikwenda wapi. Kama iko kwenye yadi yenu, niko tayari kuipokea pamoja na bolti zozote za zamani mlizozitoa, nizitengenezee fremu, na hapo tunaweza kukaa tukazungumza bei nyingine badala ya mimi kuirudisha mashine. Kama mmeiuza kwa vyuma chakavu, semeni hivyo hivyo, nijue. Ila angalieni vizuri kabla ya kujibu. Ni kipande cha chuma cha mviringo, kizito, chenye ekseli pande zote mbili, na watu wengi wangekitumia kuzuia mlango usifunge. Huenda mnakiruka kila asubuhi.

Nimeona pia mmetangaza mashine nyingine, safari hii ya kufupisha tairi lililolegea, ile yenye mikono miwili yenye meno inayoshika chuma na kukisukuma kijikunje pale kilipopashwa moto, bila kukata wala kuunga. Picha zenu zinaionyesha bado ina kutu. Naomba kwa dhati msiikarabati. Kutu tunaitoa. Mwambieni yule mwenye grenda aipite mbali.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, baada ya hapo suala hili nalipeleka kwenye mahakama ya madai madogo. Mashine nimeifungua na kuitenganisha, kila kipande kimewekewa alama. Mkija kuichukua njooni na gari lenye winchi na watu wasiopungua wawili, na msiinyanyue kwa kushika mguu wa kushoto.

Wenu,

Fundi magurudumu